Kabla ya kuongeza Mbps, wekeni seva ya kache

Mhariri,

Malalamiko kwamba intaneti ya vyuo, shule na hospitali zetu huku Kisumu, Kakamega na Nakuru inatambaa hayaishi, na dawa inayotajwa huwa ile ile: nunueni laini kubwa zaidi. Sisi tunaofunga na kutunza mitandao ya taasisi tunaona dawa hiyo ni ghali na mara nyingi haitibu. Sehemu kubwa ya mzigo ni faili zile zile, zinazovutwa upya na kila kompyuta kivyake. Dawa nafuu ni seva ya kache: kompyuta ndani ya jengo inayovuta faili mara moja, ikahifadhi nakala na kuzigawia nyingine.

Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani, na maabara zimefungwa. Zikifunguliwa Jumatano asubuhi, mashine zote zinakimbilia mlango mmoja. Tuchukue kompyuta 40, sasisho la GB 1 na laini ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde; biti nane ni baiti moja). Laini hiyo, hata ikitumika yote, huvuta MB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo GB 1 huchukua dakika 13 na ushei. Zidisha mara 40 upate saa tisa kasoro. Siku ya masomo imekwisha, na mhasibu aliyetaka kuingia iTax kulipa kodi bado anatazama kiduara kikizunguka. Seva ya kache ikiwa ndani ya jengo, GB hiyo moja huvuka laini ya nje mara moja tu, kisha kompyuta zote zinagawiwa kupitia waya wa ndani.

Waya wa ndani nao una mtego ambao wauzaji hawautaji. Seva iliyochomekwa kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa waya) ya Mbps 100, na swichi hizo bado zimejaa maabarani, itahitaji dakika 53 kugawa GB 40. Kwenye swichi ya gigabiti ni dakika tano au sita. Kebo ya Cat5e inatosha, mradi jozi zote nne za nyaya zake ziwe nzima. Ikikatika moja ya zile jozi mbili ambazo Mbps 100 haizihitaji, kadi ya mtandao hushuka yenyewe hadi Mbps 100 bila kumwambia mtu, na lawama inaangukia seva.

Tuwaonye wakuu wa shule kuhusu kisanduku kinachouzwa kwa maneno kwamba kitahifadhi YouTube na kila tovuti. Kilikuwa kitu cha maana enzi kurasa nyingi zilipokuwa HTTP tupu, yaani bila kufungwa kwa siri, ambapo programu ya kache iitwayo Squid kwenye poti (namba ya mlango wa programu mtandaoni) 3128 ilifanya kazi ya kupigiwa makofi. Leo karibu kila kitu ni HTTPS, yaani kimefungwa kwa siri, na proksi ya katikati, yaani kisanduku hicho kinachopitisha maombi ya kompyuta, huona bahasha zilizofungwa tu. Ili izifungue, lazima kila simu na kompyuta iwekewe cheti cha kisanduku hicho. Programu nyingi za benki zitakataa kufunguka, na taasisi itakuwa inasoma mawasiliano ya watu, jambo linaloiingiza moja kwa moja kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayetaka video za masomo aziweke makusudi kwa programu za kusomea bila intaneti: Kolibri kwa masomo ya Khan Academy, Kiwix kwa Wikipedia. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha huhitaji zaidi ya GB 100, na ile ya Kiswahili ni ndogo mno kuliko hiyo.

Kwa masasisho ya Windows, Office na programu za duka la Microsoft, chombo kinachofaa ni Microsoft Connected Cache, programu ya seva ya kache. Hakihitaji mashine mpya. Kompyuta iliyopo, yenye GB 4 za RAM zisizotumika na nafasi ya diski ya GB 100 kwenda juu, inatosha kuibeba. Sisi hupendelea SSD ya GB 500. Kuitumia hakulipiwi zaidi, ila taasisi iwe na leseni za Windows E3 au E5, na kwa shule A3 au A5, pamoja na akaunti ya Azure, huduma ya mtandaoni ya Microsoft, ambako seva inasajiliwa. Shule isiyo na leseni hizo isikate tamaa: Delivery Optimization, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, huziwezesha kompyuta zenyewe kupashana vipande vya faili. Ikiwekwa hali ya 1, zinapashana ndani ya mtandao mmoja kupitia poti 7680 ya TCP. Mashine yenye RAM chini ya GB 4 haishiriki, na waifai iliyowekewa kizuizi cha vifaa kuonana huua mpango wote.

Mashine ya kubeba seva iwe ya waya, si ya waifai, na iwe na anwani isiyobadilika. Izimiwe usingizi. Tungechagua Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux, kuliko Windows, kwa sababu kwenye Windows seva hukaa ndani ya Linux ya WSL 2, sehemu ya Windows inayoendesha Linux, na hapo ndipo shida nyingi huzaliwa. Kwanza, poti 80 ya Windows inabidi ielekezwe kwenye anwani ya ndani ya hiyo Linux kwa amri ya netsh, na faiawoli ifunguliwe kwa poti hiyo. Pili, poti 80 huwa imeshakaliwa na programu ya kuendeshea tovuti: IIS ya Windows, au XAMPP iliyoachwa na kijana aliyeandika mfumo wa karo miaka mitano iliyopita. Amri ya netstat -ano itakuonyesha nani amekalia kiti. Tatu, seva huendeshwa na kazi ya ratiba chini ya akaunti maalumu, na akaunti hiyo lazima iwe na haki ya kuendesha kazi za namna hiyo. Nywila yake ikiisha muda baada ya siku 90, seva hunyamaza baada ya kuwashwa upya na hakuna anayejua kwa nini.

Ikiwa Windows yenyewe ni mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine) kwenye Hyper-V ya Microsoft, WSL 2 haitaamka mpaka mashine hiyo izimwe na, kwenye kompyuta inayoibeba, amri ya Set-VMProcessor ipewe ExposeVirtualizationExtensions $true. Tumeona mafundi wakiisakinisha upya mara tatu, kumbe tatizo liko ghorofa ya chini, kwenye kompyuta hiyo inayoibeba.

Wasiwasi kwamba nakala inayosafiri kutoka kwenye kache kwa HTTP ya kawaida inaweza kuchezewa hauna mashiko hapa. Kompyuta hupokea alama za utambulisho wa faili kutoka Microsoft kwa njia iliyofungwa, hulinganisha kila kipande, na kisicholingana hutupwa na kuvutwa upya.

Maabara za Linux ni rahisi zaidi. Apt-cacher-ng, kache ya vifurushi vya programu za Linux kama Ubuntu, husakinishwa kwa amri moja, husikiliza poti 3142, na kila kompyuta huongezewa mstari mmoja wa Acquire::http::Proxy ndani ya /etc/apt/apt.conf.d. Hazina za Ubuntu, yaani seva zinakotoka programu zake, kwa kawaida ni HTTP, kwa hiyo hazisumbui. Zile za HTTPS zitagoma mpaka ziruhusiwe kupita bila kuhifadhiwa. Wenye iPad na Mac wawashe Content Caching, kache iliyomo ndani ya Mac, kwenye Mac moja ya waya, basi.

Stima na radi ni habari nyingine. Ukanda huu wa ziwa, Kisii na Kakamega hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za nchi, na inayounguza seva mara nyingi huingia kupitia waya wa mtandao unaotoka jengo moja hadi jingine, si kupitia soketi. Kati ya majengo tumieni faiba, maana kioo hakipitishi umeme. UPS iwepo, na BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) iwekwe ili mashine iwake yenyewe stima ikirudi, la sivyo ikizimika Ijumaa jioni itabaki hivyo mpaka Jumatatu.

Kompyuta zitaijua seva kwa njia mbili: ama sera (mpangilio wa Windows) ya DOCacheHost yenye anwani ya seva, ama chaguo la 235 la DHCP, huduma inayogawia kompyuta anwani za mtandao, likiambatana na sera ya DOCacheHostSource. Kwa laptopu za walimu zinazolala nyumbani, ya pili ni bora, kwani kila mtandao unajitambulisha wenyewe. Hata hivyo seva ikizimika hakuna kinachokwama; kompyuta zinarudi kuvuta nje. Ndiyo sababu seva inaweza kufa mwezi mzima bila mtu kugundua, kwa hiyo pimeni. Kwenye kompyuta yoyote ya maabara, si ile inayobeba seva, endesheni amri ya Get-DeliveryOptimizationStatus kwenye PowerShell wakati masasisho yanashuka na mtazame BytesFromCacheServer, yaani baiti zilizotoka kwenye seva ya kache. Ikisoma sifuri, anzeni na DHCP kabla ya kuigusa seva: thamani ya 235 ni maandishi, na ruta nyingi humkubalia fundi kuiingiza kama anwani ya IP.

Mafundi wa mitandao,
Kisumu