Barua kwa baba: usimlipe dalali kwanza

Baba, shikamoo. Sisi huku Marekani hatujambo, wajukuu wanawasalimu.

Nimeipitia hesabu uliyonitumia, ya kuweka kiinua mgongo kilichobaki kama malipo ya awali ya ile nyumba ya kupangisha. Niwie radhi baba, lakini hiyo ni hesabu ya dalali. Ameweka pango la miezi 12 kana kwamba mpangaji hahami, bomba halipasuki na serikali haidai kodi ya jengo. Toa mwezi mmoja au miwili nyumba ikiwa tupu, toa matengenezo na bima, ndipo uone kama kinachobaki kinatosha rejesho la benki. Kwa riba waliyokupa hakitoshi. Kila mwezi utakuwa unajazia kwa pensheni.

Mkopo wenyewe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ukitoa 20 katika kila 100 na benki ikatoa 80, bei ya nyumba ikishuka kwa 10 tu, nusu ya pesa yako imekwenda na deni liko palepale. Wanaousifia mkopo huhesabu bei ikipanda tu.

Kama nia ni majengo hasa, ipo mifuko inayoitwa riti. Unanunua hisa, mfuko unamiliki maduka, ofisi na maghala, wewe unapokea gawio. Huku sheria yake ni ya 1960, na mfuko hutakiwa kugawa walau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Hasara ipo pia: mwaka 2008 hisa hizo ziliporomoka vibaya. Lakini likitokea la kutokea, utauza kiasi unachohitaji na kingine ukakiacha.

Kiwanja sikatai, maana najua mama ndicho anachokitaka. Ila hakiingizi pango, na kabla hujatoa chochote nenda mwenyewe ofisi ya ardhi na namba ya hati. Angalia jina la mmiliki, na kama hati imewekwa rehani au ina zuio la mahakama. Picha ya hati kwenye simu ya dalali si ushahidi. Na hiyo "pesa ya kushikilia" anayotaka kabla ya Ijumaa, tafadhali usitoe.

Nitumie mkataba wa benki, kurasa zote, hasa ule wenye kifungu cha riba kubadilika. Nitapiga Jumapili, mama naye awepo.

Mwanao