Barua kwa Salma, kuhusu wale wasiosikilizana

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa timu yenye watu wa tamaduni mbalimbali. Umeniuliza kwa nini mikutano yenu inakwama ilhali wote wanaijua vizuri lugha mnayoitumia. Kwa maoni yangu, usianze na ulimi wa msemaji. Anza na sikio la msikilizaji.

Mwaka 1992 mtafiti Mmarekani, Donald Rubin, alichapisha jaribio ambalo kila kiongozi wa watu mchanganyiko anapaswa kulijua. Wanafunzi wa chuo kikuu walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza. Baadhi walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, wakaambiwa ndiye mhadhiri; wengine walionyeshwa mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ileile. Hata hivyo, walioona picha ya pili walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwapo, na walipopimwa, walikuwa wameelewa machache kuliko wenzao. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba hamwelewi mwenzake, usikimbilie kumwambia huyo mwenzake arekebishe matamshi. Mwombe mlalamikaji aeleze kwa maneno yake alichosikia, kisha mwulize msemaji kama ndicho alichokusudia. Palipopotea maana patajulikana papo hapo.

Kuna jambo zito zaidi. Dhana mbaya huonekana mwilini hata pale mdomo unapotamka maneno ya heshima. Mwaka 1974 watafiti Word, Zanna na Cooper walionyesha kuwa wasaili Wazungu, walipowahoji waombaji kazi Weusi, waliketi mbali zaidi, walijikwaa zaidi katika usemi na kumaliza mahojiano mapema. Kisha wakawafundisha wasaili kuwatendea waombaji Wazungu namna hiyohiyo. Waombaji hao nao wakafanya vibaya, wakaonekana wana wasiwasi. Hapa ndipo ubaguzi unapojilisha wenyewe: ukimpokea mtu kwa ubaridi atakujibu kwa ubaridi, nawe utauhesabu ubaridi wake kuwa ushahidi wa ulichomdhania.

Nia njema peke yake haivunji mzunguko huo, unahitaji utaratibu. Kabla ya mazungumzo yoyote yenye uzito, andika maswali, na umwulize kila mtu yaleyale kwa mpangilio uleule. Mpe kila mmoja dakika sawa na kiti cha umbali uleule. Ukishauliza, nyamaza sekunde tano au hata kumi, kwa sababu wapo waliolelewa kuamini kwamba kujibu upesi ni kukosa adabu. Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: kushoto andika kilichosemwa au kutendwa, kulia tafsiri yako, na kulia usijaze mpaka mazungumzo yaishe. Andika angalau tafsiri mbili. "Hakunitazama machoni" ni tukio. "Ana kiburi" ni hukumu, na huenda alichokuwa akikupa ni heshima.

Ukimya nao usiusome kuwa ni kukubali. Aliyezoea kukatizwa au kuchekwa lafudhi hujifunza kwamba kusema kuna gharama. Kusanya maoni kwa maandishi kabla ya kikao, na wenye vyeo wazungumze mwisho. Tena usimwulize mtu "ninyi watu wa kule mnaonaje?" Mwulize yeye anaonaje, hakutumwa na taifa lake.

Ili kuwaunganisha watu, wengi hutegemea sherehe za vyakula na mavazi. Zinapendeza, lakini hazitoshi. Mwanasaikolojia Mmarekani, Gordon Allport, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki zaidi wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana badala ya kushindana, na uongozi unaounga mkono. Mwaka 2006 watafiti Pettigrew na Tropp walipochambua tafiti 515, waliona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale masharti hayo yanapokuwapo. Katika timu yako, hadhi sawa ndiyo ngumu kuliko yote. Angalia ni nani kila mara huandika kumbukumbu na ni nani kila mara huongoza kikao, kisha zungusha kazi hizo kwa zamu.

Na neno la dharau likitamkwa mbele yako, usingoje faragha. Sema palepale kwamba neno hilo halikubaliki hapa, bila kumtusi aliyelisema, kisha mrudishie nafasi aliyekatizwa: "Endelea, hukuwa umemaliza."

Wako akupendaye,
Zuhura