Wingu litunze nyimbo, simu ndiyo ipige

Mhariri,

Ukurasa wako wa teknolojia umewashauri wasomaji wapandishe nyimbo zao zote kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kisha waachane na flashi, memori kadi na kanda. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ni sawa. Nusu ya pili itawatia watu hasara, hasa huku kwetu Mtwara na Lindi. Kazi yetu ni kuhamisha nyimbo kutoka kwenye kanda na CD kwenda kwenye kompyuta, hivyo tunaomba nafasi tueleze mambo yanavyokwenda.

Kwanza bando. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 144 kwa saa. Wa kilobiti 128 unakula kama MB 58. Muuza duka wa Nachingwea anayepiga muziki saa nne kwa siku moja kwa moja kutoka mtandaoni atamaliza zaidi ya GB 17 kwa mwezi kwa zile za 320, na karibu GB 7 kwa zile za 128. Sasa tazama anachosikiliza: ni nyimbo zilezile mia mbili, zinazunguka asubuhi mpaka jioni. Nyimbo 200 za dakika tano tano katika kilobiti 128 ni MB 960 tu. Akizishusha mara moja kwenye simu amemalizana nazo, na mwezi ujao hadaiwi kitu. Anayestrimu hulipia wimbo uleule kila unaporudi. Zipo programu zinazohifadhi kwa muda wimbo uliokwisha kupigwa, lakini nafasi hiyo ikijaa za zamani hufutwa, na hesabu inaanza upya.

Faida ya wingu basi iko kwingine. Simu ikiibwa au ikidumbukia majini pale feri ya Msangamkuu, nyimbo zimebaki. Flashi nayo haiaminiki kama wengi wanavyodhani. Sokoni zimejaa flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani zina GB 8. Inakubali mafaili yote bila kulalamika, majina yanaonekana, lakini zilizozidi uwezo wake wa kweli hazifunguki au zinakatika katikati. Kabla ya kuweka chochote cha thamani, ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: huijaza yote, kisha husoma kila kilichoandikwa. Kwa flashi kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Iache ifanye.

Nafasi ya bure si ndogo ukiitumia kwa akili. Google wanatoa GB 15, ila zinagawanywa na barua pepe na picha zako, kwa hiyo aliyejaza picha za harusi hana GB 15 tena. OneDrive ni GB 5, Dropbox ni GB 2. GB 15 tupu zinabeba zaidi ya nyimbo 3,000 za dakika tano katika kilobiti 128. Ushauri wetu ni kufungua akaunti ya peke yake kwa ajili ya muziki, isiyoingia picha wala barua.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu vibanda vya kuingiza nyimbo. Mteja anaambiwa, "Hizi ni 320, sauti kali." Mara nyingi wimbo ulishushwa ukiwa wa 128, ukapitishwa kwenye programu ya kubadilisha, ukatoka na lebo ya 320. Faili limenenepa mara mbili na nusu na sauti ni ileile, maana kilichokwisha kutupwa wakati wa kukandamiza hakirudi. Fungua wimbo kwenye programu ya Audacity, ugeuze mwonekano uwe wa spektra, yaani picha inayoonyesha sauti kuanzia za chini hadi za juu. Kama sauti zote zimekatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16 hivi, huo ni wa 128 umevaa koti la mwenzake. Usilipie nafasi ya wingu kwa ajili yake.

Wenye kanda wana kazi nzito zaidi, na ndio wanaostahili kuharakisha, kwa sababu unyevu wa pwani hauzihurumii. Kabla ya yote vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ili deki isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kanda yenye ukungu mweupe usiichezeshe, kwani ukungu huhamia kwenye kichwa cha deki na kuambukiza kanda inayofuata; itenge, ikaushwe na isafishwe kwanza. Iliyo nzima ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulioganda uachane. Safisha kichwa na mpira unaovuta utepe kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta. Spiriti nyingine za dawa zimechanganywa mafuta, nazo huacha utando.

Sauti ikitoka nzito kama imefunikwa blanketi, usikimbilie kuongeza trebo, yaani sauti za juu, kwenye kompyuta. Angalia kwanza kama kile kisponji kidogo cha ndani ya kanda kinachosukuma utepe kwenye kichwa bado kipo, maana gundi yake ikizeeka huanguka. Kikiwepo, tafuta skrubu ndogo pembeni ya kichwa na uizungushe polepole kanda ikiwa inacheza, robo mzunguko kwa wakati, mpaka sauti za juu zing'ae. Kila kanda iliyorekodiwa kwenye mashine tofauti inaweza kutaka mkao wake. Muziki ukiburuta na kushuka sauti, mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea. Badilisha, ni kitu cha bei ndogo.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni tundu. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu la kuchomeka pini, na kwa upande wa kuingiza sauti hilo ni la maiki: linachukua upande mmoja tu na linakuza sauti kupita kiasi. Ukichomeka deki hapo unapata muziki wa upande mmoja, tena uliokwaruza. Vile vikadi vidogo vya USB vya bei rahisi vina tatizo hilohilo. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya kuingizia, jekundu na jeupe. Rekodi kwa hezi 44,100, biti 16, na kilele cha sauti kisipite desibeli hasi 6. Kanda ya dakika 60 itatoa faili la WAV, yaani sauti isiyokandamizwa, la MB 635 hivi. Ukilikandamiza kwa FLAC linabaki kama nusu yake na hakuna kilichopotea. Hiyo FLAC ndiyo nakala mama. Iweke kwenye diski ngumu, na kama una nafasi ya kulipia, kwenye wingu pia. Ya kusikiliza itengeneze kutoka kwenye mama. Kwa rekodi za zamani za mono, MP3 ya mono ya kilobiti 96 inatosha kabisa. Opus, aina nyingine ya faili la sauti, ni bora kuliko MP3 katika udogo huo, ila sabufa na redio nyingi za magari haziitambui. Hizohizo hutaka flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, kwa hiyo ikikataa kusoma flashi kubwa, angalia hapo kabla hujailaumu.

Majina. Ukipandisha mafaili 800 yanayoitwa "Track 01" na "Mpya mpya DJ", wingu halitakusaidia kupata kitu. Programu ya Mp3tag inaandika lebo za ndani kwa mafungu: jina la wimbo, mpigaji, albamu, mwaka. Ziko programu zinazotambua wimbo zenyewe, lakini kwa dansi, taarabu, kaswida na ngoma za huku kama sindimba zinakosea au zinanyamaza, kwa hiyo kaa uandike mwenyewe. Mtihani halisi ni bendi zilizobadilisha majina. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Ukiandika kila jina kivyake, bendi moja inatawanyika sehemu nne za orodha. Lebo ziko mbili: ya mpigaji, ambayo unaiachia jina lililokuwapo wakati wa kurekodi, na ya mpigaji wa albamu, ambayo unaandika "Msondo" kwa zote. Mlimani Park nao chagua mara moja kama watakuwa Mlimani Park au Sikinde, usichanganye.

Kupandisha kwenyewe kunachosha kuliko kushusha, kwa sababu mitandao ya simu hutoa kasi ndogo zaidi upande wa kwenda. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, GB 20 huchukua saa 22 bila kukatika. Umeme wa huku na saa 22 bila kukatika ni vitu viwili tofauti. Gawa folda za GB moja moja, zipandishe kwa bando la usiku, na utumie programu inayoendelea ilipoishia. Rclone ni nzuri kwa mwenye kompyuta. Ukimaliza, usiamini alama ya tiki. Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa pande zote mbili, au tumia amri ya rclone check, inayolinganisha alama za kila faili.

Na hapa ndipo watu wanapolia. Kunakili na kulandanisha si kitu kimoja. Ukiweka folda ilandanishwe, wingu na simu vinafanywa vifanane kila wakati. Simu ikijaa, unafuta nyimbo ili upate nafasi, ukijua zipo kwenye wingu. Wingu nalo linafuta. Kwenye Google Drive huwa zinakaa kwenye pipa la taka siku 30, baada ya hapo hazipo tena. Chagua kunakili kwa upande mmoja. Kwenye rclone ni copy, usiguse sync.

Kusikiliza pia kuna adabu yake. Programu ya Drive yenyewe ni ya mafaili. Si ya kupiga folda nzima wimbo baada ya wimbo. Tumia kipiga muziki kinachoingia kwenye akaunti yako, kama CloudBeats, halafu weka alama ya kushusha kwenye orodha unazozipenda. Wapo vijana wanaotaka kuwa na seva yao nyumbani, yaani kompyuta ndogo inayogawa nyimbo kwa simu zao, kwa programu ya Navidrome. Inafanya kazi vizuri ndani ya nyumba, ila intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya wazi inayofikika kutoka nje, kwa hiyo ukiwa mbali huifikii mpaka upitie njia kama ya Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako. Na umeme ukikatika ghafla, memori kadi ya seva inaweza kuharibika, weka betri.

Kuna sababu nyingine ya kutotupa nakala za nyumbani. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku chache kabla yake kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani. Mwenye nyimbo kwenye simu aliendelea kusikiliza. Tena makampuni yenyewe hubadili nia: Google Play Music, iliyoruhusu mtu kupandisha nyimbo 50,000 bure, ilifungwa mwaka 2020. Myspace walikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizopandishwa kwao kwa miaka 12 hivi zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Hao hawakuwa wadogo.

Tuongeze neno la sheria. Kanda uliyonunua ukaitengenezea nakala yako ya nyumbani ni jambo moja. Kuifungulia folda yako linki ya wazi na kuitupa kwenye magrupu ya WhatsApp ni kusambaza kazi ya mtu, na hapo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wana haki ya kukuuliza. Acha folda iwe ya siri.

Mwisho ni ufunguo. Mkulima wa korosho wa Tandahimba analijua hili kuliko wengi: mzigo upo kwenye ghala la mwingine, mkononi una stakabadhi tu. Stakabadhi ya wingu ni nywila na namba ya simu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, kisha zile tarakimu za uthibitisho zinakwenda kwake. Google hukupa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia. Ichapishe au iandike kwenye daftari, usiipige picha ikakaa kwenye simu ileile. Akaunti isiyofunguliwa kwa miaka 2 wanaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, kwa hiyo ile akaunti ya muziki iingie walau mara moja kila baada ya miezi michache. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kutaja watu, hadi 10, watakaopewa vilivyomo akaunti ikikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Wazee wenye kanda za ngoma na kwaya za vijiji vyao ndio wenye nyimbo zisizopatikana popote pengine. Wajukuu wanaowafungulia akaunti wajaze sehemu hiyo siku hiyohiyo, mzee akiwa amekaa pale, ataje mwenyewe majina.

Mafundi wa sauti,
Mtwara Mjini