Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Wauzaji wa Mtandaoni, Kisumu

Wanakamati wenzangu, wazee wetu, akina mama, vijana, wanachama mlio hapa na wale ambao kama kawaida watasomewa taarifa hii kwenye simu, hamjambo.

Nianze na yale mnayoyajua. Tulifanya mikutano 11 badala ya 12. Wa Juni uliahirishwa kwa sababu ya maandamano ya Mswada wa Fedha, na tulipojaribu kukutana kwa simu Jumanne tarehe 25, intaneti yenyewe ilikuwa inasuasua nchi nzima. Tulimzika mama wa mwenzetu kule Seme na mchango ulifika kwa wakati. Tulitembelea wasukaji wa magugu maji pale Dunga. Cheti cha chama kiko sawa, katibu anacho. Wanachama wapya watano waliingia Novemba, karibuni sana. Hayo yametosha.

Sasa pesa, kwa ufupi, mweka hazina atajibu maswali. Tulianza mwaka na 51,730. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, na sisi ni 64 ukiacha wale watano wapya, kwa hivyo zilipaswa kuingia 153,600. Zimeingia 88,400. Faini 6,350, viingilio 2,500. Jumla ya tulichokuwa nacho ni 148,980. Zilizotoka: ukumbi 25,500, matanga 30,000, mafunzo 48,000, taa za picha na vifaa vyake 13,500, chai na mandazi 11,280, karatasi na gharama za M-Pesa 2,960. Imebaki 17,740.

Nimesikia minong'ono tayari pale nilipotaja mafunzo. Vizuri, ndipo ninapotaka tufike.

Ni kweli kwamba Januari mkutano huu ulipitisha 60,000 ziende kwenye matangazo ya kulipia, ile kazi vijana wanaiita kubusti. Ni kweli kwamba hazikwenda huko. Ni kweli pia kwamba tulitumia 61,500 kwa mafunzo na taa, yaani 1,500 zaidi. Lakini nani kati yenu amekumbuka yaliyotupata 2023? Tulimwaga 20,000 kwenye tangazo la pamoja. Watu 31 waliandika kuulizia bidhaa. Walionunua walikuwa wanne. Mwaka ule mlisema tangazo halikuwa kubwa vya kutosha, tuongeze pesa. Mimi nikajiuliza: wale 27 walipotelea wapi?

Kwa hivyo Machi nilifanya jambo ambalo baadhi yenu mmeliita ujasusi. Nilichukua laini ya mke wangu, nikawaandikia wanachama 12 kama mteja. Ujumbe ulikuwa ule ule: habari, hiki ni bei gani na mnaleta mpaka Mamboleo? Watatu walijibu ndani ya saa moja, Mungu awabariki. Wanne walijibu kesho yake. Wawili walinijibu "angalia inboksi", na mimi niko hapo hapo kwenye inboksi. Watatu hawajajibu mpaka leo. Sitawataja, ila mmoja wao ni mwanakamati na ameketi mstari wa mbele.

Waliokasirika walisema nimewavunjia heshima. Nimewaomba msamaha Aprili na ninaomba tena leo. Lakini matokeo siyafuti. Ukilipa shilingi 1,000 kumleta mteja mlangoni, naye akakuta mlango umefungwa na mwenye duka amelala, hiyo 1,000 umempa mwenye mtandao. Ndiyo maana kamati ilipendekeza pesa zile zile ziende kwenye ujuzi.

Kuhusu kura ya kuzihamishia pesa hizo kwenye mafunzo. Imesemwa kwamba niliipitisha kwa WhatsApp usiku wa manane. Ilikuwa saa tatu na nusu, watu wanatazama taarifa ya habari. Waliokubali 17, waliokataa 4. Katiba yetu inataka theluthi ya wanachama wapige kura, yaani 22. Hao ni 21, nakubali. Mmoja alijibu asubuhi saa kumi na mbili akasema ndiyo, tena akaeleza kwamba simu ilizimika kwa kukosa chaji. Nikamhesabu. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa langu. Lakini wale 42 ambao tiki zao mbili za buluu niliziona kwa macho yangu na hawakusema ndiyo wala hapana, leo ndio wenye sauti kubwa kuliko wote.

Na kuhusu mkufunzi. Ndiyo, yule kijana ni okewa wangu, mtoto wa dada yangu. Sijaficha, nililisema siku ya kwanza. Alilipwa 8,000 kwa kila Jumamosi, Jumamosi sita, na bando lilikuwa lake. Kabla yake tuliuliza kampuni moja ya mafunzo, ikataka 15,000 kwa kikao, chakula na nauli juu yetu. Piga hesabu mwenyewe. Mimi sikupata hata soda. Aliyesema tumegawana, aje na ushahidi au awe anapita mbali na jina langu.

Nieleze sasa walichofundishwa waliokuja, maana wengi mnapinga kitu ambacho hamkukiona. Jumamosi ya kwanza walikuja 33, ya mwisho 9.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha picha. Kijana aliomba kila mtu afungue picha ya bidhaa yake anayoitegemea. Tuliona mambo. Kuna sufuria nzuri imepigwa picha usiku chini ya balbu, ikawa rangi ya chungwa. Kuna gauni limeanikwa kwenye waya na nyuma yake mguu wa mtoto na nusu ya patapata. Kisha akachukua kikapu kimoja cha magugu maji kutoka Dunga, akakiweka mezani karibu na dirisha, akazima taa ya ukumbi, akatandika kitambaa cheupe chini na kukisimamisha nyuma, akapiga kwa simu ya kawaida ya mama mmoja. Alipoionyesha picha, ule msuko ulionekana uzi kwa uzi. Akasogeza mkono wa mtu ushike kile kikapu ili mnunuzi ajue ukubwa wake. Hakuna kamera iliyonunuliwa, jamani. Taa mbili tulizonunua ni za siku za mawingu na za wanaofanya kazi usiku baada ya kulaza watoto.

Cha pili kilikuwa cha maneno chini ya picha. Andika bei. Andika saizi, rangi, uko wapi, unatuma vipi. Kuna imani hapa kwamba ukificha bei mteja atakuja kuuliza na utamnasa. Mteja hana muda huo, anasogeza kidole anaenda kwa mwingine. Pia tulifundishwa kuweka katalogi kwenye WhatsApp ya biashara na majibu ya haraka, ili hata ukiwa kwenye boda ujibu kwa kugusa mara mbili. Na jambo moja ambalo hata mimi sikulijua: ule ujumbe wa kutuma kwa watu wengi kwa pamoja huwafikia tu wale waliohifadhi nambari yako. Miaka yote tulikuwa tunawatumia watu 200 na kushangaa kimya. Basi mwambie mteja akishalipa, mama, hifadhi nambari yangu, nikipata mzigo mpya nikujulishe.

Cha tatu ndicho kilichouma. Cha bei. Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba alikubali tupige hesabu yake ubaoni. Kiatu amekichukua Kibuye kwa 600. Gundi na kusafisha 50. Mfuko 20. Ameandika "tunaleta bure", kwa hivyo boda mpaka Nyalenda 150 ni yake. Hiyo ni 820. Amekiuza 850. Bando la siku 50. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha mtu wa nyuma akacheka, na mama akasema kwa utaratibu tu, "Kumbe ninawalipa wateja shilingi ishirini wachukue viatu vyangu." Na hapo hajajilipa mwenyewe hata senti. Yule aliyecheka aliombwa alete hesabu yake. Hakurudi Jumamosi iliyofuata.

Vikao vingine nitavipitia haraka. Tulijifunza kutoangalia picha ya ujumbe wa M-Pesa ambayo mteja anakuonyesha, bali ujumbe ulioingia kwenye simu yako au kwenye tili yako, kwa sababu ujumbe bandia unatengenezwa na mtoto wa darasa la saba. Tulijifunza kuweka namba ya siri ya pili kwenye akaunti na kutompa mtu yeyote zile tarakimu sita zinazokuja kwa simu, baada ya mwenzetu mmoja kupoteza ukurasa wake wote kwa njia hiyo. Tukakumbushwa kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hivyo kuanika jina na nambari ya mteja aliyekataa mzigo, hata kama amekuudhi namna gani, acheni.

Kodi nayo ilileta kelele. Anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anatakiwa kulipa kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, na inakatwa kwenye mauzo, faida haiulizwi. Nilipouliza nani amefika milioni, ukumbi mzima ulitazama dari. Sawa. Lakini kuna hili la risiti za eTIMS, yaani risiti za kielektroniki za mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024, kampuni au shule inayolipa kodi ikinunua kwako bila risiti hiyo haiwezi kuhesabu gharama hiyo kwenye kodi yake. Mwenzetu mmoja alipata oda ya masweta 60 ya shule ya watu binafsi, wakamwomba risiti hiyo, hakuwa nayo, oda ikaenda kwa mwingine. Kusajili jina la biashara ni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na PIN ya KRA wengi mnayo. Katibu yuko tayari kumsaidia yeyote, saa za kazi, si saa nne usiku.

Je, mafunzo yamezaa? Sitadanganya kwamba kila mtu ametajirika. Ninachojua ni kwamba msukaji wetu mmoja, baada ya zile picha za dirishani, alipata oda ya vikapu 40 kutoka Nairobi na akawagawia wenzake wawili kazi. Mama wa viatu sasa anatoza usafiri, amepoteza wateja kadhaa wa "bure", na ananiambia analala vizuri. Wale waliotaka kubusti bado wana haki ya kulileta suala hilo tena mwaka ujao.

Nirudi kwenye jambo ambalo sipendi kulisema kila mwaka. Mkutano wa Februari tulihudhuria 41. Wa Oktoba tulikuwa 11, na wawili kati ya hao walikuwa watoto waliofuata mandazi. Kuna wanachama wanaofika saa sita kamili kwa sababu wanajua chai huiva saa sita kamili. Madeni ya ada ni 65,200. Hiyo ni zaidi ya mafunzo yote mnayoyalalamikia na taa zake. Na wanaodaiwa zaidi si wale walio na shida, maana wenye shida walikuja wakasema na tukawaelewa. Ni wale wanaoweka picha za nyama choma kila Jumapili. Tunawaona. Sisi ni watu wa mtandaoni, tutakosaje kuwaona?

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, tukijaliwa, kutafuta chumba kidogo mjini cha kupigia picha na kufungia mizigo, labda karibu na stendi ili mizigo ya Kakamega na Busia iwahi gari za asubuhi. Tunafikiria pia kuzungumza na wenzetu wa Nakuru kuona wanafanyaje. Muda wangu wa uongozi unaisha Machi. Nimesikia kuna majina yanayotajwa. Nawatakia heri, na daftari la madeni nitawakabidhi likiwa kamili.

Mwisho, tangazo dogo. Madeni yalipwe kabla ya tarehe 31 Januari kupitia tili ya chama, si kwa nambari yangu. Na taa moja kati ya zile mbili haijarudi tangu Novemba. Aliye nayo anajijua, airudishe kwa katibu pamoja na waya wake.

Mwenyekiti
Kisumu