Aliyembadilishia Mama Dozi Alikuwa Nani?

Kwako Mhariri,

Mimi ni dereva wa tuktuk, stendi yangu Bombolulu, na huu ni mwaka wa tisa nabeba wagonjwa. Abiria akipanda akasema "nipeleke spitali," siulizi ipi. Kwa wengi wetu huku Kisauni spitali ni Makadara, ile hospitali kuu ya rufaa ng'ambo ya daraja la Nyali. Awe ana homa ya siku moja, awe amevunjika mguu, twende Makadara. Njiani tunapita zahanati, tunapita kituo cha afya, na abiria hata shingo hageuzi.

Kilichonishikisha kalamu lakini ni mamangu. Ana presha, amepita miaka sabini, na vidonge vyake anavijua kwa rangi. Mwaka jana kichwa kilimlemea, nikampeleka kliniki moja ya kibinafsi ambayo jina naliacha. Ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kijana mwenye koti jeupe alimfunga ile mashine mkononi, akaandika dawa, akapokea shilingi 500. Tulimwita daktari, akaitika. Wiki haikwisha, mama akawa kila akiinuka kitandani lazima ashike ukuta, la sivyo anaanguka.

Safari hii tulikwenda zahanati ya karibu. Muuguzi akaisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Nani alimzidishia dozi hivi?" Nikamwambia daktari. "Daktari gani?" Nikanyamaza. Karatasi ilikuwa na muhuri wa kliniki na sahihi kama uzi uliokatika. Jina hakuna, cheo hakuna. Nilirudi kule kuuliza, na msichana wa mapokezi akanijibu kwamba yule "alikuwa ameshikilia tu siku ile." Ameshikilia nini, hakunieleza.

Binti yangu anasomea utabibu katika chuo cha KMTC hapa Mombasa. Alipopata habari alinikasirikia mimi kuliko yule kijana. "Baba, wewe mwenyewe nyumbani huniita daktari, na mimi si daktari." Akanikalisha chini. Yeye atakuwa afisa wa kliniki: diploma ya miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha kusajiliwa na baraza lao. Daktari husoma chuo kikuu takriban miaka sita, naye ana mwaka wake wa mafunzo kazini na baraza lake. Bingwa ni daktari aliyerudi darasani miaka mingine kadhaa kwa ajili ya moyo peke yake, au watoto peke yao. Wauguzi wana baraza lao, na wa maabara na wa dawa nao wana bodi zao. Kila mmoja ana leseni, na leseni ile inasema anachoruhusiwa kufanya.

Asidhani mtu nawadharau maafisa wa kliniki. Jirani yangu alitolewa mtoto wa jicho, leo anasoma msahafu bila miwani, na aliyempasua alikuwa afisa wa kliniki aliyeongeza masomo ya macho. Mtaa mzima uliapa ni bingwa kutoka Nairobi. Tena ukienda zahanati au kituo cha afya, atakayekusikiliza na kukuandikia dawa mara nyingi ni muuguzi au afisa wa kliniki, na kwa malaria, kikohozi cha mtoto au presha iliyokwisha kutulia, huyo anatosha. Watu wanaruka zahanati kwa kudhani hakuna "daktari wa kweli" pale. Wanalipa nauli ya kwenda na kurudi, wanashinda kwenye benchi la hospitali ya rufaa ambayo Pwani nzima inaitegemea, na jioni mtu anarudi na vidonge vilevile. Mimi nauli nimepata, sawa, lakini roho hainitulii. Na tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024, mpango ni kwamba ukishajisajili, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Ni wangapi wanajua?

Kuna na wale kina mama wa mtaani wenye mikoba, wahamasishaji wa afya ya jamii. Wana mashine ya presha na ya sukari, wanapiga hodi mlango kwa mlango. Hawa nao tunawaita daktari! Kazi yao ni kupima, kushauri na kukuelekeza uende wapi. Mmoja aliniambia anachoka kuombwa sindano.

Na lugha nayo inatuponza. Ukisema "fulani ameanza kliniki," kwetu maana yake ana mimba. Kisha unakuta duka la dawa lina ubao wa kliniki, na kliniki ina ubao wa kituo cha matibabu, maandishi yote Kiingereza, na vifupisho ambavyo mamangu akiviangalia ni kama namba za kontena bandarini. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Maneno tunayo: muuguzi, afisa wa kliniki, daktari, bingwa, mfamasia, mtu wa maabara. Hayahitaji kamati.

Ombi langu kwa kaunti, ambayo ndiyo yenye zahanati zetu tangu ugatuzi, na kwa wanaokagua kliniki za kibinafsi, ni dogo. Kila anayemgusa mgonjwa avae kitambulisho chenye jina na cheo kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anazisoma bila kuazima miwani. Karatasi ya dawa iwe na jina, cheo na nambari ya usajili chini ya sahihi. Na mlangoni pabandikwe anayehudumu leo, si mwenye kliniki tu ambaye pengine yuko Mtwapa kwenye kliniki yake nyingine. Tuktuk yangu yenyewe haitoki barabarani bila leseni, na mimi nabeba watu watatu tu.

Mama hajambo sasa, dozi imerudishwa ilivyokuwa. Ile karatasi ninayo bado chini ya kiti cha tuktuk. Binti naye amejiandikia kitambulisho cha kadibodi cha kufanyia mazoezi nyumbani, AFISA WA KLINIKI, wino mwekundu. Bibi yake amekisoma neno kwa neno, akamwambia vizuri sana, daktari wangu.

Dereva wa tuktuk,
Bombolulu, Mombasa