Ile elfu thelathini ya "usafi wa vifaa" kwenye makadirio yetu

Mimi ni fundi rangi, na haupiti muda bila mteja kunipigia: "Fundi, hii elfu thelathini ya usafi wa vifaa ndiyo nini? Si mnaosha brashi tu?" Juzi mmoja wa Tabata kaandika kwenye grupu la mtaa kwamba tunawauzia wateja maji yao wenyewe. Basi nieleze.

Rola haianzi kwa maji. Inakwanguliwa kwanza kwa kisu cha skimu (ule unga wa kulainishia ukuta kabla ya rangi) mpaka rangi irudi ndooni, halafu inapitishwa kwenye magazeti ya zamani, ndipo iingie ndoo ya kwanza ya maji, kisha ya pili. Maji ya ndoo ya kwanza hayamwagwi. Yanalala usiku kucha, rangi inatuama, ya juu tunayaoshea tena kesho. Tope la chini tunalichanganya na mchanga, likikauka linaondoka na gari la taka likiwa donge. Hakuna kinachoingia kwenye sinki, choo wala mtaro.

Mteja wetu wa Kimara aliukata mstari huo, akasema kijana wake wa nyumbani ataosha. Kijana akaosha trei, rola na mwiko wa skimu bafuni, maji yakaenda vizuri tu. Watu hawajui kwamba skimu ya saruji nyeupe haihitaji hewa ili ikaze. Inakaza humo humo majini. Haikupita wiki bafu likawa linajaa. Fundi bomba alivunja vigae, akakata kona ya bomba, na ndani yake akatoa jiwe jeupe lenye umbo la kona ile ile, ukiligonga linalia kama kigae. Mteja alilipa fundi, alilipa bomba, na vigae vya rangi ile havikupatikana tena dukani. Mpaka leo bafu lina kiraka.

Rangi ya mafuta ina balaa lake. Tina, yaani kile kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta na kuoshea brashi zake, ukiimwaga chooni inaua bakteria wanaosaga uchafu kwenye shimo, na shimo lisilosaga hujaa upesi. Gari la majitaka nalo si la bure. Na mwenye kisima uani, afikirie tina hiyo inakoelekea. Sisi tunaihifadhi kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko. Rangi ikituama, tina safi ya juu inaoshea brashi tena. Kwa hiyo nyie mnaosema tunapoteza tina, ni kinyume chake.

Lakini linalonikosesha usingizi ni matambara ya mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani tunayopaka mbao. Tulipaka milango ya mninga Mbezi, mwenye nyumba akayakusanya matambara akayafungia kwenye mfuko wa plastiki stoo, eti nadhifu. Jioni kijana wangu aliushika mfuko akaurusha nje: ulikuwa wa moto. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa haliliachii joto pa kutokea. Huweza kuwaka bila kiberiti. Yaanike moja moja nje, mbali na ukuta, au yaloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Usiyachome, wala usichome rola. Moshi wa nailoni ile si wa kuvutwa na watoto.

Ndoo tupu msiwekee maji ya kunywa, hata mkizisugua vipi. Makopo ya bati yaliyokauka wape wa chuma chakavu.

Asiyetaka kulipia usafi aseme kabla hatujaanza. Tutaondoka na brashi zetu, ila rangi iliyobaki na tina chafu vitabaki kwake, na nitamwandikia hivyo kwenye makadirio.