Pasaka njema wapendwa, machezo yameanza

Kristo amefufuka jamani! Amefufuka kweli kweli. Nawasalimu wote, mlioko nyumbani na nyie wa mbali ambao leo mnaingia kazini kama siku nyingine tu, Pasaka njema sana.

Kwaresima hii yote nimetembea na neno moja kichwani, khoros. Ni Kigiriki. Lilinikamata kwenye Zaburi ya 30, ule mstari tunaousoma sana kwenye misiba, "Uligeuza matanga yangu kuwa machezo". Sasa wale wazee waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki kabla Yesu hajazaliwa, hapo kwenye machezo wakaweka khoros, na kwenye matanga wakaweka kopetos, yaani kile kilio cha kujipiga kifua. Nikawaza hiyo mikono, ilikuwa inapiga kifua, sasa inapiga makofi.

Na khoros ni kucheza kwa kundi, siyo mtu kujitingisha peke yake. Kule Athens zamani kwenye sikukuu zao walikuwa wanasimama watu 50 kwa duara, wanazunguka huku wanaimba, anayeimba ndo huyo huyo anayecheza. Baadaye neno likaingia Kilatini, likapita kwa Waingereza, mpaka likatufikia sisi tukaliita kwaya. Eeh, kwaya hii hii! Kwa hiyo mtu akikwambia kazi ya kwaya ni kuimba tu, hayo mengine yameletwa na vijana, mwambie kwa upendo kabisa kwamba jina lenyewe lilianzia miguuni.

Kwenye Agano Jipya khoros lipo mara moja tu, Luka 15:25. (Binti Herodia alipocheza ni neno lingine, lile lililozaa okestra.) Mwana mpotevu karudi, ndama kachinjwa, kaka mkubwa anatoka shamba na akikaribia nyumba "alisikia sauti ya nyimbo na machezo". Hapo nilikwama. Nyimbo sawa zinasikika, ila kucheza kunasikikaje na mtu bado yuko nje hajaona kitu?

Jibu nililipata Jumanne ya mazoezi. Nilichelewa, umeme umekatika, kinanda kimya, nikiwa bado pale njiani kwenye mwembe nikasikia miguu kwenye saruji, tu, tu, tutu, sauti ya nne wanagonga kisigino halafu wote wanashuka pamoja, na hata bila kuona mtu nilijua wako stepu ipi ya wimbo upi.

Ndani nikamkuta mama mkubwa. Baba mkubwa tulimzika Januari, na tangu hapo alikuwa anakuja anakaa benchi la nyuma na kitenge chake cheusi, mdomo unaimba ila mwili umeganda. Siku hiyo hakuna aliyemwambia kitu. Kiitikio kilipoingia bega la kushoto likaanza, kidogo sana, halafu goti, halafu akaweka pochi yake kwenye benchi akasimama akaja. Machozi yanamshuka na stepu hakukosea hata moja. Mstari ulisogea tu akapata nafasi, wimbo ukaendelea.

Baba mkubwa hajarudi, tunajua. Ila wale wanawake wa asubuhi ya kwanza nao walikwenda kaburini kwa shughuli za msiba, na Mathayo anasema waliondoka kwa hofu na furaha nyingi wakaenda mbio, hofu bado ipo na miguu ishaanza kukimbia, yaani hapo mimi huwa natetemeka kila nikisoma. Waorthodoksi wa Kigiriki usiku wa Pasaka mpaka leo wanaimba utenzi wa Yohane wa Damasko wa karne ya 8, unamwambia Sayuni acheze sasa, khoreue, khoros ile ile imegeuzwa amri.

Wewe uliyeingia sikukuu hii na matanga bado hayajaisha moyoni, salamu hizi ni zako wa kwanza. Usijilazimishe ndugu yangu, kaa tu benchi la nyuma, sisi tutaimba na nafasi yako kwenye mstari ipo.

Ibada ya kwanza saa moja. Mama mkubwa kanitumia meseji tangu saa kumi alfajiri, anauliza leo tunavaa sare ya bluu au vile vitenge vipya.